Mgeni Apite Mbele

Asubuhi ya sindano, watu wa laini za mkonge, zile nyumba za wakata mkonge pale Makongeni, Thika, walipanga foleni mbele ya stoo ya magunia. Ndunge alikuwa mbele kabisa kwa sababu ndiye aliyeteka maji ya daktari. Mzee Kaleli alifika amechelewa, akijishika ubavu wa kulia, macho yake yamekuwa ya manjano kama samli. Hakuna aliyemwonyesha mkia wa foleni. Tangu lini mzee akasimama nyuma ya watoto?

"Mzee apite mbele," Ndunge alisema, akarudi hatua moja. Kaleli akashukuru, akakunja mkono wa shati.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu aliyefanya utafiti wa ugonjwa huo huo wa macho ya manjano. Ulikuwa umewaangusha watu katika kambi nyingi mwaka ule, naye alitaka kujua kama dawa yake ingewakinga wale ambao haujawashika. Mchoma sindano alikuwa msaidizi wake, dresa Ephantus, kijana mwenye mkono mwepesi na maneno ya upole. Sindano ilikuwa moja. Ilichemshwa asubuhi juu ya jiko la primasi, halafu ikapanguswa kwa pamba yenye spiriti kila mtu alipomaliza.

Kamene, binti wa Ndunge, alikuwa na miaka sita na alikuwa ameng'ang'ania leso ya mama yake.

"Mimi kwanza," Ndunge alimwambia. "Niangalie usoni uone kama nitalia."

Ephantus alipoichomoa sindano kwenye mkono wa Kaleli, uzi mweupe ulitoka nayo, mwembamba kama wa mkonge uliokunwa vizuri. Aliipangusa, akamchoma Ndunge, na uzi ukaingia pamoja na sindano. Ndunge hakulia. Akachomwa Kamene, naye hakulia, na uzi ukaingia kwake. Kufika saa sita laini zote zilikuwa zimefungwa mkono kwa mkono, na nyapara akapiga kengele watu warudi kukata mkonge.

Nyuzi zile hazikuzuia mtu. Zilirefuka ukienda mbali, zikafupika ukirudi. Watu walizizoea kama wanavyozoea moshi wa jikoni. Wanawake walianika nguo juu yake, na aliyepita na kuku aliinua mkono kuku wapite. Aliyeteseka ni Mbaluka, ambaye kwenye foleni alikuwa amesimama nyuma ya mama mkwe wake bila kumwona. Mkamba mwenye adabu hamkaribii mama mkwe, na sasa alifungwa naye usiku na mchana. Alikuwa akitembea amegeuza uso, akijikwaa kwenye mashina, na watu wakimcheka mpaka machozi.

Kaleli alikufa mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Walimzika na uzi wake, ukawa unatoka kaburini kwenda kwa Ndunge. Siku ile ile ya mazishi Ndunge aliona kwamba uzi ule umegeuka manjano upande wa kaburi, na kwamba rangi inasogea kumjia, polepole, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi.

Ilipomfikia, harufu ya ugali ilimchefua. Mkojo wake ukawa mweusi kama kahawa na mwili ukamwasha usiku kucha. Majirani walimtazama machoni wakampa pole, wakamletea uji. Ndunge alikunywa uji huo huku akitazama mkono wake wa pili, ambako uzi wa kwenda kwa Kamene ulikuwa ungali mweupe, isipokuwa pale ulipotoka kwenye ngozi yake. Pale palikuwa na manjano ya urefu wa ukucha. Ugonjwa wake mwenyewe haukumtisha hata nusu ya ule ukucha wa manjano.

Aliukata uzi kwa kisu cha mkonge. Ukaungana. Akauchoma kwa kaa la moto, ukatoa harufu ya nywele, ukaungana tena. Akamfuata daktari kwenye stoo ya magunia.

Daktari alifurahi sana. Aliushika uzi kwa vidole viwili, akaupeleka dirishani kwenye mwanga, akamwita Ephantus aje aone jinsi rangi inavyokwenda upande mmoja tu, kutoka kwa aliyetangulia kwenda kwa aliyefuata.

"Vizuri," alisema kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno. "Vizuri sana, mama."

"Unakatwa na nini, Bwana Daktari?"

"Usikate. Ukikata, sisi hapana jua unakwenda wapi."

"Unakwenda kwa mtoto wangu."

"Ndiyo," daktari alisema. "Tunataka kuona."

Ephantus alimsindikiza hadi mlangoni. Alikuwa mtu wa huruma, na huruma ilimkalia usoni. Ndunge alimwuliza kama haiwezekani sindano ichemshwe kila mtu akitoka.

"Aa, mama," Ephantus alisema. "Tukichemsha kila mtu, tutamaliza lini? Na wewe umeona foleni."

Basi Ndunge aliwaza peke yake. Kama rangi inatembea, itachukua muda kufika mbali, na chochote kinachotembea huchoka. Dada yake Syokau alikuwa ameolewa kwenye shamba la kahawa huko Gitothua, Ruiru. Siku hizo za Hali ya Hatari mtu hasafiri hivi hivi, lakini Ndunge alimwomba nyapara hadi nyapara akachoka, kibali kikatoka, na Kamene akapandishwa treni pamoja na mke wa jirani aliyekuwa akienda huko.

"Mwaitu, nimekosa nini?" Kamene alimwuliza mama yake kupitia dirisha.

"Hujakosa kitu. Kaa huko. Ukinipenda, kaa mbali nami."

Treni iliondoka, na uzi ukarefuka nyuma yake juu ya reli. Mtoto alikuwa analia sasa, yeye ambaye hakulilia sindano. Ndunge alisimama stesheni hadi moshi ulipotawanyika, kisha akarudi laini, akalala na viatu.

Aliugua, akapata nafuu kidogo, akarudi kazini kabla ya nguvu kurudi. Kila jioni baada ya kazi aliufuata uzi kando ya reli kuona manjano yamefika wapi. Yalifika stesheni. Yakapita daraja. Ikafika siku yalikuwa mbali kuliko miguu yake ilivyoweza kumfikisha na kumrudisha kabla ya saa ya kufungiwa ndani usiku, na kuanzia hapo hakujua tena. Hakuna siku mbaya kuliko hizo. Kijiko kikianguka, aliruka.

Halafu, akiwa anafunga mafungu ya mkonge, mkono wake ulivutwa. Haukuvutwa na mtu mmoja. Ulivutwa kidogo kidogo mara nyingi, kama watoto wengi wanaochezea kamba. Ndunge aliangusha fungu, akaenda kuomba kibali.

Alifika Gitothua mchana, jua kali. Syokau alikuwa uani, anaanika nepi kwenye uzi. Uzi huo ulikuwa wa manjano kuanzia langoni hadi mlangoni.

"Aiya! Dada! Mbona hukutuma habari?" Syokau alimkumbatia, akamtazama, akapunguza sauti. "Umekonda."

"Kamene yuko wapi?"

Kamene alitoka ndani akikimbia. Alikuwa amerefuka. Ndunge alimshika kidevu, akamgeuza usoni kwenye jua, akamvuta ukope wa chini. Akautazama kwa muda mrefu. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano kama samli.

Kutoka kwenye mkono wa pili wa Kamene ulitoka uzi mwingine. Ulikwenda kwa Boaz, mtoto mdogo wa Syokau, na kwa Boaz ukatoka mwingine ukapita ua, ukaingia kwa jirani, ukaendelea laini nzima hadi mwisho wa nyumba, ukizunguka mikono ya watoto.

"Sindano ilikuja huku?" Ndunge aliuliza.

"Ilikuja! Daktari yule yule, na Ephantus." Syokau alicheka kwa fahari. "Watoto wangu walitaka kusukumana, nikawaambia hapana, Kamene ni mgeni wetu, mgeni apite mbele. Si wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone? Na leo ndiyo ya pili. Twende, asiyechomwa hapewi posho."

Ndunge aliwafuata, amemshika Kamene mkono.

Foleni ilikuwa chini ya banda la kukaushia kahawa. Daktari alimwona akampungia mkono kama rafiki wa zamani. Ephantus alikuwa anazima primasi. Watu waliposikia kwamba mama yake Kamene ametoka Thika, walitabasamu, wakarudi nyuma, wakainua nyuzi zao wampishe. "Mgeni apite mbele," walisema. "Karibu, mama, pita."

"Asanteni," Ndunge alisema. "Sisi tutasimama mwisho."

Walidhani ni unyenyekevu, wakampenda zaidi. Alikwenda mwisho na Kamene. Mzee mmoja akaja akasimama nyuma yao. Ndunge akatoka, akaenda nyuma ya mzee. Wakaja wasichana wawili kutoka kahawani, wakamwamkia kwa heshima, wakasimama nyuma yake. Akatoka tena. Akaja mwanamke aliyembeba mtoto mchanga mgongoni.

"Usisimame nyuma yetu," Ndunge alimwambia. "Tafadhali, mama. Sisi ni wagonjwa, na sindano ni moja. Pita wewe."

Mwanamke alimtazama machoni, akamtazama na Kamene, akasikitika.

"Poleni," alisema. "Basi ninyi ndio mnaohitaji dawa zaidi. Nitawezaje kuwapita?"

Akauinua uzi wao kwa adabu ili usimguse mtoto, akajiweka sawa nyuma ya Ndunge, akaanza kufungua mbeleko. Foleni ikasogea.