Kulabu Iliyoitwa Tano

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, mepesi kama unga unaochekechwa. Mjane alikwenda mbiombio kwenye karakana ya jenereta bila mwavuli, huku akisali. Alimwomba Mungu jambo moja tu: asichelewe.

Karakana hiyo ilikuwa na mtindo wake. Kulabu za winchi ziliitwa kwa namba zilizochongwa ubavuni. Ukisikia "Lete Mbili!" ujue ni ya tani mbili. Kisha zikaja kulabu mbili mpya, pacha, zinang'aa, zimechongwa tano, zote zikaitwa Tano. Mume wa mjane alitumia moja kunyanyua jenereta ya tani tatu. Kulabu ikakatika, naye yuko chini ya mzigo. Watu walisema alifunga mnyororo vibaya kwa haraka zake. Mjane aliyameza maneno hayo, akawa anamlilia mumewe huku amemnunia.

Jana jioni, kwenye darasa la watu wazima, mwalimu alining'iniza pakiti ya sukari ya kilo moja kwenye mizani ya springi. Upande mmoja ulionyesha moja, upande wa pili karibu kumi.

"Mzigo ni uleule," mwalimu alisema. "Huku ni kilo. Huku ni nyutoni, kipimo cha nguvu. Nyutoni elfu moja, yaani kilonyutoni, ni uzito wa kama kilo mia tu." Akaandika alama yake ubaoni: kN.

Kalamu ilimponyoka mjane. Siku alipokwenda karakanani kuchukua viatu vya marehemu, aliiona alama hiyo kwenye Tano iliyobaki, ambayo bado ilikuwa ikitumika.

Sasa alimkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, ameshika mnyororo wa winchi. Jenereta ilikuwa imening'inia kwenye Tano, imeinuka kidogo tu kutoka sakafuni.

"Shemeji, shusha!"

"Haya, injinia wa jioni kafika!" fundi mmoja alitania, wenzake wakacheka.

"Cheka, lakini shusha kwanza. Hiyo kulabu imeandikwaje?"

Shemeji alishusha, akaifuta grisi kwa kitambaa. "Tano. Halafu hivi viherufi."

"Viherufi ndivyo vyenyewe. Jana mwalimu alituonyesha kwa mizani: hizo ni kilonyutoni, siyo tani. Inabeba nusu tani."

Msimamizi wa karakana alisogea, akainama, akaitazama. "Sisi tulidhani ni alama ya kiwanda," alisema kwa sauti ya chini.

 

"Kwa hiyo kaka alifunga sawasawa," shemeji alisema.

"Alifunga sawasawa. Na mimi nimemnunia mpaka kaburini." Mjane alijifunika uso kwa khanga. "Mungu anisamehe. Na yeye anisamehe."

Shemeji aliivua kulabu, akaiinua mbele ya mafundi wote.

"Mnanisikia nyote, na wewe shemeji unanisikia. Sinyanyui tena mzigo kabla sijasoma namba na herufi za kulabu kwa sauti. Na atakayesema kaka yangu aliuawa na haraka zake, nitamleta kwako, umwonyeshe ile mizani."