Kikao cha Leo Tu

Usiku wa kuamkia leo niliota natafuta kikao cha watu walioacha pombe.

Kikao chenyewe hakikuwa cha ndotoni. Jioni dada yangu Veneranda alikuwa ameniambia kwamba kuna watu wanaokutana kila asubuhi nyuma ya zahanati, wanasaidiana kuacha. "Nenda, Skola," alisema. "Pombe hiyo hiyo ndiyo iliyomzika kaka Ignasi. Sitaki kukuzika na wewe." Nikamjibu kwamba nitakwenda siku nyingine, nikalala.

Ndotoni ni mchana. Ukungu wa Njombe umefika magotini na watu wanapita kama hawana miguu. Hakuna anayeshangaa. Kwenye benchi la sokoni limekaa dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi, limejifunga mtandio. Naliuliza njia.

"Samahani, zahanati iko wapi?"

"Unaumwa?"

"Natafuta kikao."

"Kikao ni hapa hapa, mwanangu. Kaa. Nani anakujua kama mimi?"

Lilisema kwa upole, nami nikaanza kukaa. Ndipo nikaona benchi zima limejaa mitandio iliyofungwa vizuri, na ndani ya mitandio hamna watu. Nikaomba radhi, nikaondoka.

Nafungua mlango wa zahanati. Ndani ni kilabuni. Nafungua wa kanisa: kilabu kile kile, na walevi wale wale wananisogezea nafasi. Mlango uliobaki hauna nyumba. Umesimama peke yake katikati ya shamba la chai, na sokoni sipo tena.

"Jina la kwanza tu," mlango ulisema. "La ukoo liache hapa."

"Nitaliachaje?"

Nilihisi kitu kinavutwa kooni taratibu, kama unywele uliomezwa pamoja na chakula. Nikajaribu kukumbuka jina la baba yangu. Halikuwepo.

"Nikitoka nitalikuta?"

"Ukitoka," mlango ulijibu, ukafunguka.

Ndani watu wamekaa kwa duara. Mwenyekiti wao ni kiti. Ni kiti cha mbao, kimelegea mguu mmoja, nacho kilikuwa kinaongea.

"Karibu, Skolastika. Kinachosemwa hapa kinabaki hapa. Angalia unapokanyaga."

Sakafu ilikuwa imejaa maneno. Yalilala chini yakipumua, moja juu ya jingine, toka ukutani hadi ukutani. Nilikanyaga "samahani" ya mtu fulani, ikalia kidogo. Hakuna aliyegeuka. Ukutani palikuwa na dirisha la jana na dirisha la kesho, yote mawili yamejengewa matofali.

"Hapa tunaishi leo tu," mwenyekiti alisema. "Kaa pale."

Pale palikuwa pembeni ya Ignasi. Alikuwa amevaa sweta tuliyomzika nayo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Skola. Umepungua."

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Hapa hakuna tangu." Maneno yake hayakuanguka chini kama ya wengine. Yalitoka mdomoni, yakapotea kama mvuke. "Veneranda alinituma na mimi. Nikamwambia nitakwenda kesho. Basi nikaenda kesho, Skola. Kule hakuna kikao. Kuna viti tu."

"Sasa si umefika?"

"Nimeruhusiwa kusikiliza. Zamu ya kusema sina tena. Angalia chini ya kiti changu."

Niliangalia. Mahali pote palijaa maneno, ila chini ya kiti chake sakafu ilikuwa tupu, safi, kama imepigwa deki sasa hivi.

"Zamu yako," mwenyekiti alisema.

Nataka kusema kwamba nimekuja kusindikiza mtu. Nataka kusema kwamba mimi nakunywa kidogo tu, wakati wa baridi. Nafungua mdomo, na Ignasi ananitazama kama alivyonitazama hospitalini, siku aliyoacha kuongea.

"Naitwa Skolastika," nasema. "Pombe imenishinda."

Maneno yalidondoka kwa kishindo. Yakalala miguuni pangu, yamelowa, yanatetemeka kama kifaranga. Nilijisikia mwepesi mpaka nikashika kiti nisije nikainuka hewani. Watu wote wakasema, "Karibu, Skolastika," na duara likasogea, likabana.

Ignasi alinipa kikombe cha chai ya tangawizi. "Kunywa upesi. Huku kinachopoa hakipashwi tena."

Nikapiga funda. Iliniunguza.

"Kikao kimekwisha," mwenyekiti alisema. "Wenye kuamka waamke."

Watu wakasimama. Ignasi hakusimama.

"Twende, kaka."

"Nenda wewe," alisema, akageuzia uso ukutani, kwenye matofali.

Niliamka jua limeingia chumbani. Veneranda alikuwa ameinama juu yangu, ananinusa mdomo. Hufanya hivyo kila asubuhi, tangu Ignasi afariki, naye hudhani sijui.

Safari hii alisita. Akanusa tena.

"Umekunywa nini?"

Nilitaka kumjibu, lakini ulimi ulikuwa umebabuka, unauma.

"Tangawizi," alisema polepole. "Skola, mbona hata jiko sijawasha?"