Tisa ya Shupaza

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Fundi saa wa duka la jirani alipomposa, alimjibu mbele yangu kwamba siku karata zake zikitoka zote, ataolewa naye. Yule bwana, mtu asiyekubali hata dakika moja iende kombo, akaafiki. Hakujua amejiingiza wapi.

Mchezo wenyewe unachezwa na mtu peke yake. Unapanga karata kwa safu, nyekundu juu ya nyeusi, kubwa kwenda ndogo, na kila ree, yaani karata ya moja, inayofichuka unaijengea fungu lake hadi mfalme; mafungu manne yakitimia, karata zimetoka. Bibi, mama yake Shangazi, alitufundisha ule wa watoto: safu ikibaki tupu, weka karata yoyote. Shangazi akaugeuza, nafasi tupu ikawa ya mfalme tu. Kila alipokaribia kushinda aliongeza ugumu: leo bunda linapitiwa mara moja, kesho karata ikishawekwa hairudi. Nilikuwa namtazama huku nachemka. Mwoga yule, anaikimbia ndoa kwa karata.

Juzi fundi saa alikuja kuaga. Alikuwa amepata duka mji mwingine, anahama kesho yake asubuhi. Shangazi alisukuma vitambaa pembeni ya meza ya kukatia, akachanga karata.

Haki ya Mungu, sijawahi kuona karata zikitii vile. Mafungu matatu yalipanda mbio. Nikaisahau pasi juu ya suruali ya mteja mpaka harufu iliponizindua. Fundi saa alisimama mlangoni, kofia mkononi, hata kope hazimchezi.

Mara zikakwama. Ree ya kopa ilikuwa imelaliwa na tisa ya shupaza. Fungu la shupaza halijaifikia tisa, wala hapakuwa na kumi nyekundu ya kuipokea. Pembeni kulikuwa na safu moja tupu, ikimngoja mfalme ambaye hakuwepo.

Fundi saa aliona, akavaa kofia yake.

Shangazi aliitazama ile nafasi. Akaiinua tisa, akaiweka pale penye nafasi ya mfalme.

"Hiyo si kanuni yako," fundi saa alisema.

"Ni kanuni ya mama yangu." Shangazi hakuinua macho. "Wewe bwana, unataka kanuni au unanitaka mimi?"

Nilitaka kupiga kigelegele, nikauma ulimi. Saa ya ukutani, aliyoitengeneza yule bwana mwenyewe, iligonga weee. Ndipo alipovua kofia, akaiweka juu ya cherehani, akavuta kiti. Akaifunua ree ya kopa kwa vidole vile vilivyozoea skrubu ndogo, akaiweka mahali pake.

"Haya," akasema, "mbili yake iko wapi?"