Mlango wa Oveni

Baba yangu amenichosha. Nilisema hivyo kwa sauti, na yeye mwenyewe alikuwa jikoni akinisikia.

Begi lake lilikuwa mlangoni tangu jana, limefungwa zipu. Eti kesho asubuhi anarudi kwake, kwenye nyumba ambamo jirani alimkuta ameanguka sakafuni, hana hata nguvu ya kuita. Na huku kwangu amekonda. Kila sahani anaidonoa, anaisukuma, anasema ameshiba. Ameshiba nini, hewa? Basi nikajiapiza: leo siku yangu ya mapumziko, nampikia mbavu za ng'ombe, nyama aliyoichoma kando ya barabara maisha yake yote. Akila, labda nitapata pa kuanzia kumbembeleza abaki.

Mkaa ni marufuku kwenye ghorofa letu, kwa hiyo oveni. Nilizipaka mbavu chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, nikazifunika kwa foili, nikaweka moto mdogo. Mimi msusi, kungoja nakujua. Nikaenda sebuleni kukunja nguo.

Kreee! Mlango wa oveni.

"Baba!"

"Naangalia tu. Hakuna aliyezigeuza."

"Hazigeuzwi! Ukifungua, joto lote linatoka."

"Nyama isiyogeuzwa inaungua upande mmoja. Unanifundisha nyama mimi?"

Nikamrudisha kwenye kiti. Sijamaliza shati moja, kreee! Safari hii ana koleo mkononi, amechana foili, anageuza mbavu utadhani wateja wamepanga foleni. Nikamwondoa. Nikaenda chooni, kurudi yuko palepale, miwani imejaa mvuke. Jua likahama kutoka dirisha la jikoni hadi la sebuleni, nyama bado inavutika kama kandambili. Hasira zikanipanda.

"Jamani, baba! Kitu kimoja tu nataka kukufanyia. Kimoja! Kaa chini!"

Akakaa. Akaweka koleo mapajani, akalifuta kwa ncha ya shati.

"Kukaa ndiyo kazi yangu hapa," akasema. "Tangu asubuhi nakaa. Halafu unaniuliza mbona sina njaa."

Nilikuwa bado nimekasirika, ila sasa sikujua nimkasirikie nani.

Nikafunika nyama upya, nikavuta kiti kando ya chake, tukailinda oveni wote wawili, hakuna kugusa. Goti lake lilitikisika muda wote. Nyama ilipoanza kuachia mfupa, nikatoa foili, nikawasha moto wa juu, nikampa bakuli la sosi ya nyanya, siki na sukari.

"Hapa sasa zinapakwa na kugeuzwa," nikamwambia. "Mimi nitaziunguza."

Uongo mtupu. Alikuwa ameshainuka. Akapaka, akageuza, akanifokea nisogee. Akazikata mfupa mmoja mmoja juu ya ubao, akanisukumia sahani, akasimama kunitazama, kama alivyokuwa akiwatazama wateja wake.

"Sili peke yangu, baba."

Akachukua mfupa. Akautafuna mpaka ukawa mweupe. Akachukua mwingine.

"Hazina moshi," akasema, mdomo umejaa. "Na sosi yako tamu mno, kama ya watoto. Kesho niletee ndimu, nitaichanganya mwenyewe."

Nikanyanyuka kwenda kuchota maji. Nikapita mlangoni, nikalibeba begi, nikalirudisha chumbani kwake. Aliniona. Akasema tu ndimu ziwe nyingi.