Nusu Mzunguko

"Usichague kwa macho," Muindi alimwambia Lorraine. "Macho yataipenda hiyo nyekundu inayong'aa, halafu masikio ndiyo yapate hasara."

Lorraine aliirudisha besi nyekundu msumarini. Kulikuwa na magitaa mawili ya besi ukutani, katika chumba cha mbele cha nyumba ya Muindi, fundi wa magitaa, hapo mtaani Mbotela. Mkewe alikuwa amekipigania chumba hicho miaka mingi, akitaka kuweka makochi kama watu wengine, mwishowe akanyoosha mikono na kukiachia vumbi la mbao na nyaya. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Saa nane Lorraine alitakiwa asimame mbele ya mwalimu wa kwaya kanisani kwao, mtaani Lucky Summer, apige nyimbo mbili. Akizimaliza vizuri, yeye ndiye mpiga besi wa kwaya. Akikwama, nafasi atapewa mwingine, naye arudi safu ya nyuma kuimba sauti ya pili.

Baba yake, Luseno, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kofia imelala gotini. Miaka karibu thelathini ya kiwanda cha sabuni mtaani Baba Dogo ilikuwa imemkausha vidole mpaka vikapasuka nchani.

"Mwambie ukweli tu, Muindi," alisema. "Mimi nilishamwambia. Kwetu mikono ni mizito. Baba alikuwa hivyo, mimi hivyo. Anajisumbua bure."

"Baba, si ujaribu kuniombea tu?" Lorraine alisema.

"Kuomba naomba. Lakini mkono ni mkono."

Muindi alijifanya anatafuta kitambaa. Kila Luseno alipoutaja mkono wake, na alikuwa akiutaja tangu wakiwa vijana, Muindi alikuwa na kitu cha kutafuta. Yeye ni mtu wa utani, mtaa mzima unamjua kwa hilo, lakini kwa habari ya mkono wa Luseno hajawahi kutania hata siku moja.

"Kuja hapa," alimwambia msichana. "Usiitie stima kwanza. Besi mbaya hujificha nyuma ya spika. Weka sikio hapa kwenye mbao, piga waya mnene kabisa, halafu uiache iseme yenyewe."

Lorraine alianza na ile nyeusi. Sauti ilitoka nene, ikakatika upesi kama mtu aliyenyang'anywa maneno. Akajaribu nyekundu. Ilikuwa na kelele, na ndani ya kelele kulikuwa na mtetemo mbaya, kama kifuniko cha sufuria kikicheza. Akatikisa kichwa, Muindi akafurahi kuona kwamba ana masikio. Kisha msichana akainua kidole kuelekea pembeni, juu ya kabati, kwenye besi ya kahawia ambayo rangi ilikuwa imelika pale mkono unapolala.

"Na hiyo?"

"Hiyo siuzi."

"Si kununua, Anko. Nisikie tu."

Luseno aligeuka. Uso wote ukamchangamka.

"Kumbe bado unayo? Lorraine, hiyo ilikuwa yangu. Nilimpa Muindi mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Hapo Muindi angesema nini? Aliishusha. Lorraine akaweka sikio, akapiga, na waya uliimba muda mrefu hadi wote watatu wakajikuta wakiusubiri uishe.

"Hii," Lorraine alisema.

Hadithi ya besi hiyo Mbotela waliijua, ila waliijua nusu. Mwaka wa tisini na tano bendi moja ya mjini ilikuwa ikitafuta mpiga besi wa kwenda nayo kwenye mahoteli ya Pwani. Nafasi ilikuwa moja. Muindi na Luseno walikuwa wakikaa chumba kimoja, wanakula sufuria moja, na kila mtu alijua Luseno ndiye fundi zaidi. Siku ya majaribio Luseno alishika besi yake, akaanza vizuri, na kufikia ubeti wa pili mkono wa kushoto ukamkaza. Alibonyeza, waya ukakataa kushuka. Akabonyeza tena, vidole vikafa ganzi. Alisimamisha wimbo mwenyewe, akaomba radhi, akatoka. Muindi aliitwa baada yake. Jioni ile Luseno akamletea besi, akasema, "Chukua wewe. Mkono wako unajua." Muindi akaenda Pwani, akakaa miaka kumi na moja.

Nusu nyingine alikuwa nayo Muindi peke yake. Siku moja kabla ya majaribio Luseno aliingia zamu kiwandani, besi akaiacha chumbani. Muindi alichukua kifunguo kidogo, akakiingiza mwanzoni mwa shingo ya besi, akalegeza chuma kilicho ndani. Akaondoka, akaenda kunywa chai. Kufikia asubuhi mbao zilikuwa zimejikunja kidogo na nyuzi zimepanda. Ukiangalia huoni kitu. Ni mkono tu unaojua, na Luseno aliamini kwamba mkono ndio ulioharibika. Baada ya kupewa ile besi, Muindi alikikaza chuma kikarudi mahali pake, na nyuzi zikalala kama zamani.

Sasa aliilaza hiyo hiyo mezani mbele ya mwenyewe. Akavua nyuzi kuukuu, akafunga mpya, akazikaza polepole. Akabonyeza waya mwanzo wa shingo na mwisho wake, akapitisha kadi ya mwaliko wa harusi katikati kupima nafasi. Kadi ilipita kwa shida, ndivyo inavyotakiwa. Akateremsha vyuma vya daraja vinavyobeba nyuzi, akainua kidogo sumaku inayonasa sauti upande wa nyuzi nyembamba ili zisimezwe na zile nene. Mwisho akachukua kifunguo.

"Hicho ni cha nini?" Lorraine aliuliza.

"Kuna chuma ndani ya shingo," Muindi alisema bila kuinua macho. "Ukikikaza, shingo inanyooka na nyuzi zinashuka. Ukikilegeza, zinapanda. Hapo mtu anapiga kwa nguvu zake zote na mkono unachoka kabla wimbo haujafika mahali."

"Kitu kidogo hivyo?" Luseno aliuliza, kwa kushangaa tu.

"Kidogo hivyo."

Lorraine alikaa, akatia waya wa spika, akaanza wimbo wa kwanza. Besi iliingia chumbani laini, nzito, kila sauti imesimama peke yake. Aliumaliza. Akaanza wa pili, na alipofika kona, pale ambapo mkono unatakiwa kuruka kushuka, alimtupia baba yake jicho. Kidole kikakosa. Akarudia, kikakosa tena. Akaacha.

"Si kosa lako," Luseno alimwambia kwa upole. "Ni mkono wa kwetu. Umeona mwenyewe gitaa halina kasoro."

Lorraine alivitazama vidole vyake, akavikunja. "Basi wacha niimbe tu," alisema.

Muindi alikuwa amenyamaza kwenye harusi ya Luseno, akiwa msimamizi wake. Alinyamaza kwenye matanga ya mama yake Luseno. Alikuwa amezoea kunyamaza hivi kwamba alidhani kumekwisha kuwa sawa na kusahau. Na hata sasa angeweza kusema, jaribu tena msichana wangu, na mambo yakapita. Lakini aliviona vile vidole vimekunjwa, aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Luseno," alisema. "Mkono wako haukuwa na kitu."

"Nini?"

"Siku ile. Ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyelegeza chuma. Ulipoenda zamu."

Luseno alitabasamu kidogo, akingojea mwisho wa utani, kwa kuwa utani wa Muindi huwa una mwisho. Alingoja. Tabasamu likabaki usoni peke yake, halafu nalo likaondoka.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unanishinda. Na nafasi ilikuwa moja."

Nje jirani alikuwa akifua, maji yakamwagika kwenye mtaro. Lorraine alishika besi kwa mikono miwili, hakuthubutu kuiweka chini.

"Ulilegeza kiasi gani?" Luseno aliuliza.

"Nusu mzunguko."

"Nusu."

"Nusu tu."

Luseno aliuinua mkono wa kushoto, akautazama pande zote mbili. "Nimeuombea huu mkono, Muindi. Wazee wa kanisa wameupaka mafuta. Nimekaa kiwandani nikisema angalau sabuni haihitaji vidole. Halafu nikaja nikamwambia mtoto wangu..."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Luseno alikuwa ameshamgeukia binti yake. "Piga tena," alisema. "Usiniangalie."

Lorraine alipiga. Alifika kona, mkono ukaruka, ukatua mahali pake, akaendelea hadi mwisho bila kusimama. Baba yake alivaa kofia, akanyoosha mkono mezani.

"Nipe hicho kifunguo."

Muindi akampa. Luseno alikitia katika mfuko wa shati kifuani, akafunga kifungo, akaupapasa mfuko kuhakikisha kipo.

"Besi mwende nayo," Muindi alisema. "Ni yenu."

"Najua ni yetu."

"Asante, Anko," Lorraine alisema kwa mazoea, halafu akainamisha uso kama aliyesema vibaya.

Walitoka. Muindi alibaki mlangoni. Msichana alitangulia na besi mgongoni, akipita kati ya kamba za nguo, akielekea Jogoo Road. Luseno alimfuata hadi kwenye bomba la maji, akasimama. Aliunyoosha mkono wa kushoto mbele yake, vidole vimebana kana kwamba vimeshika kifunguo, kiganja kikitazama chini. Akauzungusha taratibu. Nusu. Kiganja kikatazama juu, vidole vikafunguka. Lorraine aliporudi kumchukua, baba yake alikuwa bado amekikinga kiganja hivyo.