Mkono wa Bwana Cluskey

Watu wa Drogheda, mji wa bandari huko Ireland, walimpenda Concepta Mackin, ila si kwenye sanduku la kura. Mara tatu aligombea udiwani kwa upande wa wasoshalisti na mara tatu aliangushwa vibaya. Mara ya mwisho alipata kura arobaini na moja, na kwa kuwa ana binamu zaidi ya hamsini mjini humo, alijua fika kwamba kuna ndugu zake wanaomchekea bure. Padri Tuohy alikwisha kumtaja kanisani, mbele ya waumini wote, kuwa ni mkomunisti. Concepta alikuwa ameketi benchi la pili siku hiyo, akaitikia kwa kichwa.

Kwa miaka kumi na tisa alishona viatu katika kiwanda cha Bwana Aloysius Cluskey, na sasa ndiye aliyeongoza chama cha wafanyakazi pale. Mgomo wao ulikuwa umeingia wiki ya saba. Ulianza kwa dakika kumi za chai ya asubuhi, ambazo Cluskey alizifuta kwa tangazo la mistari miwili. Lakini kadiri siku zilivyokwenda, dai lilibaki moja tu: Cluskey akubali kukaa nao meza moja. Barua zao alizirudisha bila kuzifungua. Aliapa hadharani kwamba maadamu yu hai hatampa mkono mtu wa chama. Wagomaji mia na ishirini walikuwa wamechoka, na Concepta aliona wazi kwamba Cluskey asipoketi nao kufikia Jumatatu, watarudi kazini vichwa chini na chama kitakuwa kimekwisha. Jambo hilo lilimtesa, ingawa pale langoni mwa kiwanda yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Alhamisi asubuhi mama yake Cluskey akafariki, bibi wa miaka tisini na moja.

Hapo ndipo mji mzima ulipokwama. Nyumba ya Cluskey imo ndani ya ua wa kiwanda, na lango ni moja tu, lile lile waliposimama wagomaji na mabango yao. Sasa, mtu wa Drogheda anaweza kukosa Misa, anaweza hata kumdhulumu ndugu yake shamba, lakini hathubutu kuwapita wagomaji langoni na kuingia ndani. Na mtu huyo huyo hakosi matangani. Ilipofika saa nane mchana, majirani walikuwa wamejaa ng'ambo ya barabara katika nguo nyeusi, na keki zao ndani ya makopo, wakilikodolea macho lango. Seremala aliyeleta jeneza naye alikataa kuvuka. Aliliegemeza ukutani, akawasha kiko chake.

Dinny Roche, katibu wa chama, alikuwa akisugua viganja kwa furaha.

"Tumempata," alisema. "Mwache akae na maiti peke yake. Kesho atakuja hapa kwa magoti."

Concepta alikuwa akiangalia dirisha la sebule, ambako pazia lilikuwa limeshushwa na hakuna kivuli kilichopita.

Padri Tuohy akaja mpaka ukingo wa barabara, akakohoa.

"Pita tu, Padri," Concepta alimwambia. "Lango liko wazi."

"Unajua siwezi kupita."

"Kwa nini? Si mgomo wa wakomunisti?"

Padri akatazama viatu vyake. Alisema marehemu baba yake alikuwa mpakia mizigo bandarini, na kama angemwona anawavuka wagomaji angetoka kaburini amchape. Wagomaji wakacheka, na Padri naye akacheka, ingawa kwa taabu.

Concepta akageuka akawaambia watu wake waweke mabango chini, wavue kofia, wajipange. Wanaingia matangani. Dinny alimshika mkono, akamsihi angalau aweke sharti: Cluskey akubali kikao kwanza, ndipo lango liachwe.

"Matangani hakuna masharti, Dinny. Hatukumgomea bibi. Bibi hakutufutia chai."

Alisema hivyo kwa sauti kavu. Silaha pekee waliyoipata katika wiki saba alikuwa anaitupa mwenyewe, na hakuona njia nyingine.

Ndani, bibi alikuwa amelazwa kitandani na rozari vidoleni. Kando yake alikaa Cluskey, na mbele yake viti kumi na viwili vitupu. Concepta alimwendea akanyoosha mkono. Mfiwa hakatai mkono wa mtu aliyekuja matangani, awe nani. Cluskey aliutazama ule mkono kitambo, kisha akaushika.

"Pole kwa msiba, Bwana Cluskey."

Nyuma yake wakafuata wengine, mmoja mmoja, wote mia na kumi na tisa, kila mmoja na pole yake. Wazee walimkumbusha jinsi bibi alivyokuwa akishona nao zamani, kabla ya utajiri, na alivyotukana sindano ilipokatika. Walipofika nusu, Cluskey alikuwa akilia waziwazi. Zamu ya Dinny ilipofika, alifungua kinywa kutaja mgomo, Concepta akamkanyaga mguu.

Baadaye majirani wakajaa na keki zao, na Cluskey, kama mwenye nyumba, akachukua birika akawapitia wageni. Alipomfikia Concepta alisimama.

"Umewaondoa watu langoni bila kuniomba kitu."

"Ni matanga, Bwana."

Akammiminia chai polepole. "Nimewapa mikono wote. Sasa kile kiapo changu sijui nikipeleke wapi."

"Kizike kesho na bibi. Shimo si litakuwa tayari?"

Waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Cluskey alimtazama, mabega yakaanza kumtikisika, kisha akaangua kicheko mpaka birika likamwaga chai zuliani. Alisema mama yake angempenda sana mwanamke huyu. Halafu akafuta macho na kuinama.

"Jumatatu, saa nne. Ofisini kwangu. Njoo na watu wako."

"Tutakuja," Concepta alisema.

Alimaliza kikombe chake, akapiga magoti kwa bibi, akamwambia seremala aingize jeneza lake upesi, kisha akawaongoza watu wake nje. Langoni akaokota bango. Dinny akamwuliza kwa nini wasimame tena, wakati wameshinda.

"Mpaka Jumatatu bado tumegoma," alimjibu. "Kesho tutapisha mazishi, kisha tutarudi hapa."

Akasimama na bango lake begani, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni huku akitabasamu. Padri alipotoka na kumwuliza ana nini, alisema anamlilia bibi, na kwa kiasi fulani hakudanganya.