Hema Lililoshonwa Kama Gauni

Fundi cherehani alizaliwa mbali na maji. Lakini tangu wifi yake amwoneshe ule mto, unaoteremka kutoka milimani bila bwawa hata moja la kuuzuia, alitamani jambo moja tu: kukaa nyuma ya mtumbwi na kuuongoza mwenyewe.

"Nyuma hakai mgeni," wifi alikuwa akimkatalia. Jioni moja, wakiwa wamepiga kambi kando ya mto, akilizunguka hema ambalo fundi alilishona mwenyewe, alicheka. "Wifi yangu, hili pazia! Likisimama mpaka asubuhi, kesho nyuma unakaa wewe."

"Haya, usije ukayameza maneno yako."

Walipolala, mwenye mtumbwi waliokuwa wameukodi akawafungia zipu ya hema kwa adabu zake, mbu wasiingie, akaenda zake nyumbani.

Usiku upepo ulivuma kweli, na hema likasimama. Kulipopambazuka, mto ukinguruma hatua chache tu, fundi alikurupuka akapapasa zipu. Akapapasa tena. Kishikizo kilikuwa nje.

"Wifi," alisema polepole, "nimelishona kama gauni. Linafungwa na mtu aliye nyuma yako."

Wifi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Sasa lichane tutoke! Ila ukilichana, halijasimama hilo."

"Nani kasema kuchana?"

Mkasi mdogo ulining'inia shingoni mwake pamoja na futi ya kupimia. Hata safarini hakuvivua. Akapiga magoti, akafumua mshono wa chini, pale ukuta unapokutana na sakafu, uzi baada ya uzi. Kitambaa hakukigusa. Wakatoka kwa matumbo kama kenge, wakalowa umande, na nyuma yao hema limesimama wima.

Wifi alilitazama. Akaivuta kamba yake, hema likagoma kuanguka. Akaokota kasia lake, akaenda kukaa mbele.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Fundi alikaa nyuma, akausukuma mtumbwi, na mkondo ukawachukua kwa kasi ambayo hakuitegemea. Kwenye kona mwamba ukajitokeza, povu jeupe pande zote. Furaha na hofu zilimjaa kifuani, asijue ipi ni ipi.

"Kulia, wifi! Piga kulia! Kaza!"

Na wifi, ambaye tangu siku ya harusi hajawahi kupokea amri ya mke wa kaka yake, akapiga kulia kwa nguvu zake zote.